Umesikia kitu nje usiku wa manane: cha kufanya kabla hujagusa komeo

Naandika hii kwa watu wa nyumba za kawaida, mlango wa mbao, grili ya fundi wa mtaani, dirisha la nyavu, uani kuna choo na bomba, jirani yupo hatua chache au kule kwenye viwanja vipya vya pembeni ya Dar kama Chanika na Kivule jirani yuko mbali kabisa na katikati ni pori. Sio kwa wenye fensi ya umeme na mlinzi getini. Ushauri mwingi unaozunguka ni wa watu wenye bunduki kabatini na polisi wanaofika baada ya dakika chache, sisi huku gari la polisi linaweza likafika na linaweza likachelewa kwa sababu njia ya kuja kwako haina hata jina, kwaiyo lazima uwe na akili ya kukaa salama hata nusu saa nzima kabla msaada haujatimia.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: kazi yako usiku huo sio kumkamata mwizi. Kazi yako ni kila aliyelala humo ndani aamke asubuhi mzima. Ukilielewa hilo maamuzi mengi yanakuwa mepesi, kwa sababu kila ukitaka kufanya jambo unajiuliza tu, je hili linaniweka mbali na huyu mtu au linanisogeza kwake? Linalokusogeza kwake liache.

Ya mchana kwanza

Maamuzi ya saa nane usiku ni mabovu, umetoka usingizini, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, huoni vizuri. Kwaiyo yafanye mchana ukiwa na akili timamu, kaeni kama familia hata jioni moja tu baada ya kula mkubaliane.

Chagueni chumba kimoja cha kukimbilia. Sio lazima kiwe cha baba na mama, kiwe kile chenye mlango mgumu na komeo la ndani, na dirisha lake likiwa linaangalia upande wa jirani ni bora zaidi maana sauti yako itafika. Komeo la ndani ni bei ndogo na fundi analifunga kwa mda mfupi, sielewi kwanini nyumba nyingi zina komeo kubwa sebuleni alafu vyumbani hakuna kitu, mwizi akishapita sebuleni basi ameshamaliza nyumba nzima.

Funguo za grili ziwe pahali pamoja ambapo mkono unafika gizani na kila mtu mkubwa anapajua, mpaka dada wa kazi, mpaka mgeni anayelala kwako wiki moja. Hapa nasisitiza sana sana. Watu wanafunga grili kwa kufuli mbili, funguo anazo baba mfukoni, siku moto unawaka ndani usiku hakuna anayetoka. Nyumba isiyoingilika na mwizi isiwe nyumba isiyotokeka na mtoto. Ila usizitundike karibu na dirisha, wale vijana wa kuvua kwa mti mrefu wenye ndoano wanachana nyavu wanavuta suruali, simu, mkoba, funguo, wewe umelala hapohapo. Chochote cha maana kikae mbali na dirisha kuliko urefu wa mti.

Simu. Usiku iwe na chaji na iwe karibu na mkono wako, na kama una kitochi cha zamani kiweke pembeni kikiwa na laini na chaji imejaa, kitochi kinakaa siku nyingi na kina tochi. Andika namba hizi na kwa karatasi pia: 112 polisi, bure. 114 zimamoto. Namba ya kituo chenu cha karibu, ya polisi kata, ya mjumbe, ya mwenyekiti wa mtaa, na ya majirani watatu ambao kweli huwa wanalala nyumbani na kweli huwa wanapokea simu. Hao majirani watatu ndo wa kwanza, nitaeleza kwanini.

Taa ya nje swichi yake iwe ndani, ikiwezekana ndani ya kile chumba mlichochagua. Na filimbi, ya plastiki tu. Mtu aliyeogopa sauti inamkauka, unataka kupiga yowe unatoa hewa tupu, lakini hewa hiyohiyo inatosha kupuliza filimbi. Kwa Wasukuma yowe la hatari linaitwa mwano, mmoja anapiga na wa mbali anapokea na kulipeleka mbele, na sungusungu zilipoanza kule Shinyanga na Tabora miaka ya mwanzo ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe zilijengwa juu ya utaratibu huo huo wa kuitana. Mtaa wenu pia unaweza ukakubaliana hivo, filimbi tatu ndefu maana yake nyumba fulani ina shida, kila mtu awashe taa za nje na apulize na yeye. Ongeeni kwenye kikao cha mtaa au kwenye group la WhatsApp, ila msiitegemee WhatsApp yenyewe usiku huo, watu wamezima data wamelala.

Hatua ya 1: kaa kitandani usikilize

Umeshtuka. Usiwashe taa, usiseme "nani huyo", usiinuke kwa pupa. Fumba mdomo, pumua taratibu kwa pua, sikiliza.

Bati linalia usiku. Limepigwa jua mchana kutwa, likipoa linajikunja linatoa ta, ta, ta, haliendi popote, linaishia lenyewe. Panya wa darini anakimbia mbio fupi anasimama anakimbia tena, na kama dari ni jipsam utadhani ni mtu mzima yuko juu yako. Embe likidondoka ni kishindo kimoja alafu linabiringika. Komba analia kama mtoto mchanga na akiruka kwenye bati anatua kwa kishindo, wageni wa maeneo yenye minazi na miembe wanaogopa sana. Paka mnawajua.

Mtu ana sauti nyingine. Mtu anafanya kazi, kwaiyo sauti yake inajirudia kwa mpangilio na inatulia pale kitu kingine kinapolia, gari likipita ananyamaza alafu anaendelea. Chuma kwa chuma, yaani mtarimbo kwenye grili au msumeno wa chuma unaokwenda polepole. Vioo vya luva vinavyochomolewa kimoja kimoja, vile vinatoa mlio wa kukwaruza bati jembamba, na hakuna mnyama anayefanya hivo. Kokoto zinazokanyagwa kwa hatua, sio kwa mbio. Mbwa wa jirani anayebweka akihamisha uelekeo kufuata kitu kinachotembea pembeni ya ukuta, na zaidi kama amekata ghafla.

Kwenye nyumba za kupanga, zile za korido katikati na uani nyuma, sauti nyingi za usiku ni za mwenzako anaenda chooni au anarudi kazini. Mjue mwenzako anarudi saa ngapi. Mlinzi anarudi alfajiri, anayefanya kazi baa anarudi saa tisa, muuza chapati anaamka saa kumi kukanda unga. Hii sio umbea, ni usalama wako na wake, watu wamepigwa mapanga kwa kudhaniwa wezi kumbe wapangaji wamesahau funguo wanajaribu kufungua dirisha lao wenyewe.

Hatua ya 2: hesabu watu wako

Kabla hujaamua ni mwizi, hakikisha wote wa ndani wapo. Mwamshe mwenza wako kwa kumgusa bega sio kwa kumwita, mwambie sikioni, "kuna kitu, sikiliza". Mtoto wa kiume yuko kitandani? Dada katoka kwenda choo cha uani? Mzee anaamka usiku kwa sababu ya sukari au tezi dume? Kuna kijana alisema atachelewa? Piga simu ya asiyekuwepo. Kama simu inalia nje ya dirisha lako unajua ni nani na usiku umeisha vizuri.

Fanya hivi hata kama una uhakika kabisa ni mwizi. Ndani ya giza kila mtu ni kivuli, na kivuli unachotaka kukipiga rungu kinaweza kuwa cha mwanao.

Hatua ya 3: yuko nje au yuko ndani?

Hapa ndo njia zinaachana na ndo swali la muhimu kuliko yote. Mlango upo kati yenu au haupo? Kama hujui, chukulia yupo ndani, nenda hatua ya 6, usizunguke nyumba kumtafuta. Kuzunguka nyumba na tochi chumba kwa chumba ni kazi ya polisi wengi wenye silaha, wewe na pensi yako hapana.

Hatua ya 4: yuko nje, mlango mzima

Uko kwenye hali nzuri kuliko unavyojisikia. Mwizi mmoja au wawili wa kawaida, vibaka, wanaogopa vitu vitatu, mwanga, kelele, na kuchelewa. Vipe vyote kutoka ndani.

Kusanya watoto kwenye kile chumba kwanza, wakae chini, sio usawa wa dirisha. Alafu taa zote za nje kwa mpigo. Ndani baki gizani, ukiwasha ya ndani yeye anakuona wewe humwoni. Ongea kwa sauti kubwa na nzito kama mnaongea watu wazima wengi, "Tumekuona, polisi wameshapigiwa, majirani wanakuja." Usimtukane, usimwambie "ingia uone", usimtaje jina hata kama sauti yake umeijua. Hilo la jina nitalirudia.

Alafu simu. Anza na jirani, sio kwa sababu polisi hawafai, ni kwa sababu jirani yupo hatua hamsini na anaijua nyumba yako. Sema kwa ufupi, "Jirani shikamoo, samahani kukuamsha, kuna watu wanakata grili ya jikoni kwangu, washa taa zako zote na mpigie mjumbe, usije peke yako." Alafu 112 au kituo, na kituo wape alama za kufika, maana hawana jina la njia: baada ya msikiti kushoto, nyumba ya bati la kijani, mwembe mkubwa. Sema mko wangapi ndani, wao mnadhani wangapi, wana nini mkononi kama umeona. Usikate simu kama unaweza, iache wazi.

Wengi wakiona taa na kelele wanaondoka. Waache waondoke. Usitoke kuwafukuza, usitoke kuangalia wamechukua nini, usitoke kwa sababu majirani wanakusubiri uonekane mwanaume. Aliyekimbia anaweza kuwa kakimbilia nyuma ya banda la kuku, na mwenzake wa pili hujamwona.

Mitego ya kukutoa

Hii naiweka peke yake kwa sababu watu wengi hawakuvunjiwa mlango, waliufungua wenyewe.

Umeme umekatika kwako tu, kwa jirani unawaka. Mtu ameshusha meni swichi ya nje. Wewe unadhani LUKU imeisha, unatoka na simu ukimulika kwenye mita, na mtu yupo pembeni ya mita. Ukiona giza usiku chungulia dirishani kwanza, jirani ana taa? Kama anayo, lala na giza lako mpaka kuche, feni itakusamehe. Vilevile bomba la uani linamwaga maji wakati ulifunga, kuku wanalia bandani, pikipiki inatikiswa, jiwe linarushwa juu ya bati. Maji ya usiku mmoja sio hela nyingi. Kuku wote wakienda, wameenda.

Anayepiga hodi anasema amepata ajali, anavuja damu. Usimfukuze na usimfungulie. Mwambie kupitia dirishani kaa hapo napiga simu, na kweli piga, mwitie mjumbe na polisi. Kama shida yake ni ya kweli umemsaidia, kama ni ya uongo ataondoka.

Anayesema "fungua, polisi". Polisi wa kweli wapo na wanakuja usiku pia, kwaiyo usianze fujo nao. Ongea kwa adabu mlango ukiwa umefungwa, uliza jina na kituo, waambie unampigia mjumbe aje ashuhudie na unapiga 112 kuhakikisha. Askari wa kweli atakuwa na cha kusema mbele ya mjumbe. Jambazi hataki mjumbe.

Hatua ya 5: kama ni genge

Genge halitishiki na taa. Wanakuja wengi, wana mapanga, wanatumia lile jiwe kubwa linaloitwa fatuma, linapigwa mlangoni mara mbili tatu mlango umeingia ndani na fremu yake. Dar tumeyaona pia ya vijana wa Panya Road, mwanzoni mwa Januari 2015 mji ulijaa hofu jioni moja watu wakafunga maduka na kukimbia, na 2022 yakarudi tena mitaani watu wakiingiliwa majumbani na kukatwa mapanga. Hapo usijifariji kwamba ni kibaka.

Usisimame nyuma ya mlango kuuzuia kwa mgongo. Mlango ukija unakuja na wewe. Sofa na kabati kama vinasukumika kwa sekunde chache sukuma, kama havisukumiki acha, mda wako utumie kwenda chumba cha ndani kabisa na watu wako. Funga, komea, vuta kitanda mlangoni, watoto chini upande wa pembeni sio mkabala wa mlango. Piga filimbi dirishani, piga sufuria, piga yowe, na taja mahali: "tumevamiwa, nyumba ya nyuma ya msikiti!" Kelele isiyo na mahali watu wanaisikia wanabaki vitandani wanaulizana ni wapi.

Na wewe jirani unayesikia hiyo kelele usiku, usiende peke yako na panga lako. Washa taa, puliza filimbi, pigia wengine, tokeni kwa pamoja na mmulike kutoka mbali. Taa nyingi na kelele nyingi zinazotoka pande nyingi zinawafanya wafupishe kazi yao, na dakika wanazopunguza ndo uhai wa mwenzio.

Hatua ya 6: yupo ndani, hajakuona

Mfano umesikia droo sebuleni. Kama watoto wako chumba hichohicho na wewe, komea mlango, kaa kimya, tuma meseji au piga kwa kunong'ona, usitoke. Akichukua tivii na kuondoka huo ni usiku mzuri. Kama watoto wako chumba cha pili, hapo ndo mtihani, na jibu langu ni kwamba unakwenda walipo watoto, sio alipo mwizi, na kama njia ya kwenda kwa watoto inapita mbele yake basi piga kelele kubwa kwanza na washa taa ili apate nafasi ya kukimbia kabla hujafika. Mpe njia. Usimbane kwenye kona, usifunge mlango alioingilia, mwizi asiyeona pa kutokea anapigana kufa na kupona hata kama alikuja kuiba simu tu.

Kama nyumba ina mlango wa pili na una uhakika nje hakuna wengine mnaweza kutoka mkaenda kwa jirani. Lakini uhakika wenyewe ni mgumu usiku, mara nyingi kuna mmoja amebaki nje analinda, kwaiyo mimi napendelea chumba chenye komeo.

Hatua ya 7: mmeonana uso kwa uso

Mali yote ni yake. Sema hivo, "chukua ndugu yangu, sina shida na wewe". Mikono ionekane. Ukitaka kuchukua kitu mwambie kwanza, "simu iko chini ya mto, naitoa". Angalia chini, kifuani kwake sio usoni. Weka hela kidogo mahali rahisi mwaka mzima, sio zote ndani na sio sifuri, mtu asiyepata chochote anakasirika. Akitaka namba ya siri ya pesa za simu mpe, laini utaifunga asubuhi.

Na sasa lile la jina. Ukimjua, ni kijana wa mtaa wa pili, ulimsaidia ada, usimwambie nakujua. Usimwite. Usioneshe kwa macho. Mtu aliyekuja kuiba akigundua ametambulika anaanza kuwaza jambo lingine kabisa. Lifiche moyoni mpaka uwe mbele ya polisi. Wafundisheni watoto pia, mtoto ndo huropoka "mama si ni kaka yule wa bodaboda".

Kupigana kunabaki kwa hali moja, amekuja kwa mwili wako au wa mwanao na sio kwa mali tena, anakata, anabaka, anabeba mtoto. Hapo pigana kwa chochote na kwa nguvu zote, uma, maji ya moto, meno, lengo ni kupata njia ya kutoka. Sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inakupa haki ya kujitetea wewe, mtu mwingine na mali yako, lakini kwa nguvu inayohitajika tu, ukizidisha kosa linarudi kwako. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: aliyekuinulia panga unaweza kumzuia hata kwa kumuumiza vibaya, ila aliyeanguka, aliyesalimu amri, anayekimbia na redio yako, ukimfuata ukamkata hapo wewe ndo mshtakiwa. Wanaolala na panga chini ya godoro wajue hilo, na wajue kwamba gizani panga lako linanyang'anyika kirahisi likageuka lake.

Kuhusu dawa ya kulaza watu

Wengi watauliza, na hii imani naiona inadhuru. Watu wanasema wezi wanapuliza dawa dirishani nyumba nzima inalala fofofo. Madaktari wa nusu kaputi wa Uingereza kupitia chuo chao cha kifalme walishatoa tamko, watalii walipolalamika kupulizwa dawa kwenye magari yao ya kulala, kwamba haiwezekani kumlaza mtu kwa kupuliza gesi chumbani kutokea nje bila yeye kushtuka. Hata hospitalini inahitaji mtaalamu anayekuangalia kila dakika. Mara nyingi watu wamechoka, feni inapiga kelele, mvua inapiga bati, na mwizi ni mzoefu wa kutembea. Ukiamini dawa unaacha kununua komeo kwa kusema halitasaidia. Nunua komeo.

Hatua ya 8: amekamatwa, watu wamejaa

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ukipiga kelele ya "mwizi" usiku kwenye mitaa yetu unaita msaada na unaita pia mawe, tairi na petroli. Magazeti huandika wananchi wenye hasira kali, lakini asubuhi ni maiti ya mtu, na mara nyingine sio hata yule aliyekuwa dirishani kwako, ni mlevi aliyepotea njia, ni mgonjwa wa akili, ni kijana aliyekuwa anakimbia akiogopa hizo hizo kelele. Ndo maana nimesema pigia kelele "tumevamiwa" na mahali, na wewe mwenye nyumba ndo mwenye sauti usiku ule kuliko mtu yeyote. Toka wakiwa watu unaowajua wameshafika, mjumbe akiwepo, sema kwa nguvu, "mwenye mali ni mimi, sitaki auawe kwangu, afungwe kamba asubiri polisi". Sema bila kuomba radhi kwa mtu. Kumuua ni mauaji kisheria, kwa kila aliyeshika jiwe, na kama alikuwa na wenzake huwezi tena kujua ni kina nani na vitu vyako viko wapi. Akipelekwa mahakamani, kuvunja nyumba usiku adhabu yake inafika miaka 20, na unyang'anyi wa silaha ni 30. Hiyo sio adhabu ndogo.

Waiteni polisi tena hapo hapo, waambieni mtu amekamatwa na watu wana hasira. Wanaharakisha zaidi wakisikia hivo.

Asubuhi yake

Aliyeumizwa mbebeni kwanza hospitali, mwingine akimbilie kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, msikae na mtu anayevuja damu mkisubiri karatasi. Aliyebakwa, mwanamke au mwanaume, asioge, asibadilishe nguo kama anaweza, afike hospitali haraka, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya masaa 72 na mapema zaidi ndo bora zaidi. Polisi kuna dawati la jinsia, waombeni hapo na sio kaunta mbele ya watu. Na nyumbani asiulizwe kwanini hakupiga kelele.

Vitu msiguse mpaka polisi waone, hasa pale alipoingilia. Pigeni picha. Chukueni RB kituoni, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, bila hiyo hata laini mpya inaweza ikasumbua kuipata. Pigieni mtandao wa simu laini ifungwe na akaunti ya pesa izuiwe, na kama mliandika IMEI mapema, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, wapeni polisi, simu inaweza kufungiwa isitumike mtandao wowote nchini. Andikeni leo zile namba kwenye daftari, sio ndani ya simu hiyohiyo.

Watoto waongeleshwe. Usiwaambie "imeisha sahauni", waulize walisikia nini, wajue walifanya vizuri kukaa chini na kunyamaza, walale na nyie siku kadhaa kama wanataka.

Na fundi aje siku hiyohiyo. Wezi wanarudi kwenye nyumba waliyofanikiwa, wameshaijua, wameona kilichobaki, wanajua utanunua tivii nyingine. Grili iliyokatwa ichomelewe kabla ya magharibi, luva zilizochomolewa zirudishwe na zibanwe, na kama funguo zimeondoka na mkoba badilisha vitasa vyote leo, hata kwa kukopa.